Mtafute Aliyeanza Mara ya Pili

Wadogo zangu wa Komarock, nanyi mnaonisoma mkiwa Kayole, Umoja, au mbali kabisa huko Doha mnakolea watoto wa wenyewe, karibuni. Vuteni stuli tukae.

Leo nina barua moja tu. Aliyeniandikia anaishi Infill, ana miaka 26. Ana cherehani aliyoinunua kwa pesa za chama, na alikuwa amekodi kijisehemu cha kushonea sare za shule. Mwezi wa nne kodi ikamshinda, akafunga. Sasa cherehani iko chumbani, imefunikwa leso, na juu ya leso kuna rundo la nguo zinazongoja pasi. Kila usiku anatazama video za watu waliofaulu mpaka saa nane, na asubuhi anaamka mwili mzito kama aliyebeba mitungi ya maji ghorofa nne. Ananiuliza mambo mawili. Dada, ni nani hukutia moyo wewe? Na je, niiuze hii cherehani?

Nianze na la kwanza, maana la pili limo ndani yake.

Mdogo wangu, hao wa kwenye simu sina ugomvi nao. Ila jipime. Ukishazima simu, mikono yako inataka kufanya nini? Kama inataka kushika kazi, basi huyo uliyemtazama amekutia moyo. Kama umebaki kujihesabia umri na kujiona umechelewa, huyo amekuonyesha nyumba yake tu na mlango hakukufungulia. Umemkuta akiwa amefika. Siku aliyorudi nyumbani bila nauli hukuionyeshwa, na hiyo ndiyo siku uliyo nayo wewe sasa.

Kwa hiyo mimi watu wangu huwachagua kwa kipimo kimoja. Natafuta yule ambaye najua alifanya nini baada ya kunyang'anywa.

Wa kwanza ni mzee aliyemalizia masomo yake hapa jirani, Kariobangi. Kimani Maruge mnamjua kwa ile picha yake maarufu: mzee mwenye fimbo, kaptura na soksi ndefu za shule, amekaa katikati ya watoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa Januari 2004, Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo kule Eldoret, mwaka mmoja tu tangu serikali ya Kibaki ifute karo ya shule za msingi. Alikuwa na miaka 84. Alipigania uhuru na Mau Mau, hakuwahi kukaa darasani, na alitaka aisome Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, akampokea. Wajukuu wake walikuwa wanafunzi katika shule hiyohiyo. Kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika kuwa mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi, na Septemba 2005 akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuwatetea watoto wasiosoma.

Watu wengi huishia hapo. Mimi hadithi hunishika baadaye.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimpitia kama zilivyowapitia maelfu. Mali yake iliibwa. Akaangukia kambi ya wakimbizi, kilomita nne hivi kutoka shuleni, na akafikiria kuacha masomo. Hebu tulia hapo kidogo. Mzee wa miaka 88, dunia imeshampigia makofi, rekodi anayo, safari ya New York ameifanya. Angeacha, nani angemlaumu? Lakini kutoka kambini humo aliendelea kwenda darasani. Kisha Juni 2008 ikabidi ahamie Nairobi, kwenye makao ya wazee. Siku chache baada ya kufika, huyo anajiandikisha Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi, darasa la sita. Mji mpya, shule mpya, watoto wasiomjua, na hakuna mtu wa kumwita mwanzilishi wa chochote.

Mei 2009 akabatizwa katika kanisa la Utatu Mtakatifu, palepale Kariobangi. Agosti mwaka huohuo saratani ya tumbo ikamchukua. Darasa la nane hakulifikia. Mimi hupita upande huo mara nyingi, na kila tukikwama kwenye foleni humwazia akiamka kwenye makao ya wazee, anatafuta soksi zake. Ile Januari 2004 naipenda. Lakini Juni 2008 ndiyo hunitoa kitandani.

Wa pili ni Wangari Maathai. Mwaka 1982 aliacha kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo. Akazuiwa kugombea. Aliporudi chuoni, kazi hakurudishiwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Fikiria: mwanamke mwenye shahada ya uzamivu tangu 1971, ameshaachika, ana watoto watatu, hana mshahara wala nyumba. Kilichokuwa kimebaki mikononi mwake ni ile kazi ya miti ambayo ilikuwa imeanza mwaka 1977 kwa miche saba pale Kamukunji, tena kwa miaka ile ikionekana kama kazi ya pembeni tu. Akaishika hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 1989 akasimama kulizuia lile jengo la ghorofa sitini lisijengwe Uhuru Park, na 2004 akapewa Nobel ya Amani. Mkiwa kwenye matatu mnaingia tauni na mkapita Kamukunji, tazameni nje. Ni hapo.

Na mwanariadha wetu Faith Kipyegon simwachi, ingawa namgusa tu maana mnamjua kuliko mimi. Alijifungua binti yake 2018, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki wa mita 1500. Mwaka uliofuata akarudi mbioni, na kwenye mashindano ya dunia pale Doha akashika nafasi ya pili. Watu wanamkumbuka kwa dhahabu za Tokyo na Paris zilizofuata. Nyinyi mliojifungua juzi na mnaona kazi imewaacha, kumbukeni ile fedha ya Doha.

Sasa wa mwisho hamtamkuta kwenye gazeti lolote. Ni mama yangu.

Alikuwa na kibanda cha mboga karibu na Kayole Junction. Nilikuwa kidato cha pili usiku mmoja vibanda vyote vya upande ule vilipovunjwa. Alfajiri tulikuta mbao hazipo, mabati hayapo, nyanya zimekanyagwa mpaka barabara imekuwa nyekundu. Wenzake walikuwa wanalia, na walikuwa na haki ya kulia. Mama yeye akapiga magoti, akaanza kufukua. Nilidhani anatafuta pesa. Alikuwa anatafuta daftari la madeni.

Akalipata, limelowa pembeni. Akageuza kreti ya soda, akakaa, akasoma majina moja moja: nani sukuma ya shilingi ngapi, nani kitunguu, nani alichukua viazi akasema atalipa mwisho wa mwezi. Jioni tukazunguka nyumba kwa nyumba, mimi na yeye, na hakudai hata senti. Alibisha hodi akasema, "Mama nani, nimehamia kona ya chini, ukinikosa pale juu njoo huku." Wengine waliingia ndani wakatoka na pesa bila kuulizwa. Wengine walitoa kidogo. Mmoja alifunga mlango. Kesho yake saa kumi usiku alikuwa kwenye matatu ya Marikiti, na saa moja asubuhi sukuma ilikuwa imepangwa juu ya gunia.

Lile daftari ninalo mezani ninapowaandikia haya. Kurasa zimekunjamana, wino umesambaa. Mnaniuliza kila mara ni kitu gani hunitia nguvu, na nadhani mlitarajia kitabu au wimbo. Ni hili. Nikichoka nalifungua ukurasa wowote, naona mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la tano akijumlisha bila kukosea.

Basi, mdogo wangu wa Infill, nina ombi. Wiki hii ukishuka kununua chapati, yule mama anayekukandia unga ulimuuliza lini habari za maisha yake? Fundi viatu wa kona je? Yule kijana wa kituo cha boda, ambaye pikipiki yake iliibwa mwaka jana na sasa anaendesha ya mtu? Keti naye dakika kumi. Usimuulize siri ya mafanikio, atacheka au atakudanganya. Muulize: kesho yake ulifanya nini? Hiyo kesho yake tu. Ulianzia wapi, nani alikukopesha, ulikula nini. Nakuhakikishia mtaa huu wetu una majibu ambayo simu yako haina, na mwenye jibu anafurahi mno kuulizwa, maana hajaulizwa na mtu.

Video za usiku zipunguze. Sisemi uache, nasema saa nne ulale.

Na cherehani, hapana, usiiuze. Usirudi kukodi chumba pia, kodi ilishakuonyesha ukali wake. Umesema zamani ulikuwa na daftari la vipimo vya wateja, litafute leo. Humo mna majina ya kina mama ambao watoto wao wameongezeka urefu tangu mwezi wa nne, na suruali za shule zimewafika juu ya vifundo vya miguu. Muhula unafunguliwa karibuni. Ondoa zile nguo za pasi, ukunje leso, uitie mashine mafuta, ukague mkanda, ubadilishe sindano. Kisha nenda ukabishe hodi mlango wa kwanza.

Jumamosi niandikie uniambie nani alifungua.