Boroni katika Jani la Pamba: Iko Kiasi Gani, na Iko kwa Sura Gani?

Somo letu safari hii ni la sayansi, nalo linahusu pamba, zao ambalo hapa Nassa limelipa ada za wengi wetu.

Boroni ni kirutubisho ambacho mmea unakihitaji kidogo mno. Mwaka 1923 Bibi Warington wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alithibitisha kuwa maharage ya fava hayakui vizuri bila hiyo. Pamba ikiikosa, vikonyo vya majani hupata pete nyeusi, maua na vitumba vichanga hupukutika. Kwa jirani zetu wa Zambia tatizo hili lilijulikana miaka ya 1960. Udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, hupoteza boroni upesi mvua inapochuja.

Lakini vitumba hupukutika pia kwa ukame na kwa wadudu, na boroni ikizidi ni sumu, kingo za majani huungua. Kwa hiyo kukisia ni hatari, lazima kupima.

Ndani ya jani boroni ina sura mbili. Ya kwanza ni huru: asidi ya boriki iliyoyeyuka katika maji ya seli. Ya pili imefungwa kwenye ukuta wa seli. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa hapo boroni huunganisha minyororo miwili ya pektini, kama kifungo kinavyoshika pande mbili za kanzu. Penye uhaba, sehemu kubwa ya boroni hukaa ukutani. Ukuta ukishashiba, ziada hubaki huru.

Maabara hufanyaje? Majani huoshwa na kusagwa, kisha maji yake hutengwa na makapi. Makapi husuuzwa, hukaushwa na kuchomwa kwa nyuzi 500 hivi hadi yawe majivu, nayo huyeyushwa katika asidi hafifu. Kila sehemu hutiwa dawa iitwayo azomethini-H, ambayo hugeuka njano ikikutana na boroni. Kadiri njano inavyokolea ndivyo boroni ilivyo nyingi, na mashine ya mwanga huisoma kwenye nanomita 420. Njia nyingine hutumia kurkumini, ile rangi iliyo ndani ya bizari ya manjano, nayo huwa nyekundu. Vyombo viwe vya plastiki, maana vioo vingi vya maabara vimetengenezwa kwa boroni!

Katika pamba boroni haihami kirahisi kutoka jani kuukuu kwenda changa. Chukua basi jani changa lililokwisha kukomaa, litie katika mfuko wa karatasi (katika plastiki litaoza), umpelekee bwana shamba kabla mzazi hajanunua boraksi.

Zoezi: Jani A lina miligramu 60 za boroni kwa kilo, 45 zikiwa huru. Jani B lina 18, huru ni 3. Kila moja lina kiasi gani ukutani? Lipi lina akiba?