Tusiwasingizie vichaa: aliyeua kwa ramli ana akili zake

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, neno la kwanza vinywani mwetu ni kwamba aliyeua si mzima. Tulilisema kati ya mwaka 2007 na 2009, pale ndugu zetu albino walipokuwa wakikatwa viungo Shinyanga na Geita, kwa kuwa waganga waliwaaminisha watu kuwa viungo hivyo huvuta dhahabu. Tunalisema pia kikongwe anapokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu. Neno hilo linamdhulumu mtu asiyehusika kabisa, naye ni mgonjwa wa akili.

Katika Uislamu, mtu hubeba majukumu ya sheria kwa kubaleghe na kuwa na akili timamu. Maiz alipokuja kukiri zinaa, Mtume (s.a.w) hakuharakisha hukumu. Aliuliza kwanza kama mtu yule ana wazimu, kisha kama amelewa. Hayo yalitangulia kwa karne 12 kanuni za M'Naghten, ambazo majaji wa Uingereza walizitoa mwaka 1843 na ambazo ndizo mzizi wa kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania.

Kifungu hicho hakiridhiki na kusikia kuwa mshtakiwa aliwahi kuugua. Kinauliza hali yake wakati ule ule wa kutenda: je, maradhi yalimfanya asielewe anachofanya, au asijue kuwa hakutakiwa kukifanya, au ashindwe kujizuia? Utetezi huo ukitolewa, mahakama humpeleka hospitali ya akili, kama Isanga kule Dodoma, achunguzwe na madaktari. Ikithibitika hanyongwi, lakini haachiwi tu arudi mtaani.

Sasa mpime kwa mizani hiyo aliyekodiwa kuua. Alipatana bei, akangoja giza, akaficha panga, akamtafuta mnunuzi. Anayejificha anajua fika kwamba anatenda ovu. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto albino wa miaka 14 huko Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Kuamini ramli ni upotofu, tena ni shirki, lakini si maradhi. Ingekuwa ni maradhi, Mirembe isingetosha kwa wateja wa waganga wa machimboni peke yao!

Na asijifiche mtu nyuma ya gongo au bangi. Kifungu cha 14 kwa kawaida hakimsamehe aliyelewa kwa hiari yake, na wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wanamhesabu mlevi wa makusudi kama mwenye akili zake.

Ama mgonjwa wa kweli, huyu hana kisasi juu yake. Lakini damu ya aliyeuawa haipotei bure, diya hutolewa, na kwa kauli ya wanazuoni wengi wanaoibeba ni jamaa zake wa upande wa baba. Hapa pana jambo la kuzingatia. Jamaa wanaojua kuwa watalipa, wana kila sababu ya kumpeleka ndugu yao hospitali mapema na kuhakikisha anameza dawa zake. Wangapi kati yetu wanafanya hivyo? Wengine huwafunga kamba wagonjwa wao, wakawazungusha kwa waganga mwaka mzima.

Na huko ndiko mambo mawili haya yanakokutana. Kijana anasikia sauti zisizokuwapo. Mganga anapiga ramli, anasema amerogwa, na anayemroga ni bibi wa nyumba ya tatu. Usiku panga linabebwa na kaka zake, wazima wa akili na wa viungo. Kesho yake mtaa mzima unasema ni yule kichaa. Kaka zake watafute utetezi mwingine, wazimu si wao. Naye mganga asidhani kwamba mikono yake ni safi kwa kuwa hakushika panga: kifungu cha 22 kinamhesabu mshawishi wa kosa kuwa mtendaji wa kosa hilo, kama kinavyomhesabu aliyelishika.