Kwa Nini Unene Hauondoki Upesi

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tulifundishwa namna mwili unavyojitawala. Mimi nilimkumbuka mjomba wangu wa Buzwagi, nikaona yafaa niandike machache juu ya unene.

Mjomba ni dereva wa lori la mpunga. Urefu wake ni meta 1.70, na likizo iliyopita alikuwa na kilo 98. Zidisha 1.70 kwa 1.70, wapata 2.89, gawa 98 kwa hesabu hiyo, jibu ni karibu 34. Kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia. Daktari amemkuta na kisukari, na shinikizo la damu yake liko juu. Unene waweza pia kuleta maradhi ya moyo, kiharusi na maumivu ya magoti.

Babu alikula michembe na ugali wa mtama, tena sinia tele, lakini alilima pamba kwa jembe na kuchunga ng'ombe kutwa. Mjomba huketi garini tangu alfajiri, na kila anaposimama pana chipsi, maandazi na soda. Chakula kisichotumika hakipotei. Mwili hukiweka akiba ya mafuta. Wengine wamezaliwa na miili iliyo myepesi zaidi kuweka akiba hiyo.

Mwaka juzi mjomba alijinyima, akapungua kilo 11. Majirani wakaanza kunong'ona, maana kwetu mtu akikonda ghafula hudhaniwa ana UKIMWI. (Hakuna aliyemwuliza.) Baada ya mwaka kilo zote zikarudi, na watu wale wale wakamcheka kuwa ni mlafi. Nami nilicheka.

Sasa najua ya kuwa tulimdhulumu. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 huko New York na Jeffrey Friedman na wenzake. Homoni hii hupita katika damu hadi ubongoni, kupeleka habari za akiba. Akiba ikipungua, leptini nayo hupungua, na ubongo hufanya kama kwamba njaa imeingia nchini: humwongezea mtu hamu ya kula na kubana matumizi ya nguvu. Lakini akiba ikizidi, ubongo wa mtu mnene hausikii habari hizo sawasawa. Basi mwili ni mkali sana kuzuia kukonda, ila ni mzembe kuzuia kunenepa. Ni rahisi zaidi kutonenepa kuliko kupungua. Hata hivyo, aliyekwisha nenepa asikate tamaa, kwa kuwa kupungua hata kilo 5 katika 98 kwaweza kusaidia sukari na shinikizo la damu.

Likizo hiyo nilimweleza mjomba mambo haya, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mpwa wangu, na soda nayo yahesabiwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba, hiyo ndiyo ya kwanza."

Siku hizi hubeba maji na matobolwa garini. Jioni tulikuwa tukitembea pamoja hadi kisimani na kurudi, yeye akihema, mimi nikipunguza mwendo.