Kiwanda kisiishi mfukoni mwa mwenyewe

MKOA wa Singida unajulikana kwa alizeti. Inapofika Mei na Juni, wakulima wa Iramba, Mkalama na Ikungi wanavuna, mashine za kukamua zinanguruma, na kando ya barabara kuu galoni za mafuta zinapangwa kuwasubiri wasafiri. Wamo Waislamu wenzetu walioanza kazi hii kwa mashine moja na mtaji mdogo, na Allah (s.w.) akawabariki. Lakini wengi huyumba pale pale biashara inapoanza kukua. Kwa nini?

Jibu jepesi ni mtaji, na lina ukweli. Mbegu hununuliwa katika miezi michache ya mavuno, ilhali mafuta yanauzwa mwaka mzima. Asiyejaza ghala kwa wakati, mashine yake italala. Tena mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakishuka bei, mafuta ya alizeti nayo huburutwa chini. Hata hivyo, wapo waliopata mtaji na bado wakaanguka.

Tumtazame mwenye mashine moja. Anapima magunia mwenyewe, anasimamia ukamuaji, anauza mafuta na mashudu, analipa vibarua, na hesabu yote iko kichwani mwake. Akiongeza mashine ya pili na wafanyakazi kumi, kichwa hakitoshi tena. Hajui yameingia magunia mangapi wala zimetoka lita ngapi. Ada ya watoto na fedha ya mbegu zimo katika mfuko mmoja. Mkanda wa mashine ukikatika naye yuko msibani, kiwanda kizima kinasimama kwa sababu hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kununua mkanda.

Uislamu unatufundisha nini hapa?

Kwanza, tuandike. Suratul Baqara, aya ya 282, inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe na mashahidi wawepo. Baadhi yetu tunaona kuandikiana ni kutoaminiana. Basi fikiria mkulima aliyeacha magunia 20 kwa ahadi ya kulipwa mafuta yakiuzwa, kisha mwenye kiwanda akafariki ghafla. Suratun Nisaa, aya ya 11, inatanguliza wasia na deni kabla ya kugawa mirathi. Lakini deni lililokuwa kichwani mwa marehemu litalipwaje? Warithi watagawana haki ya mkulima wakidhani ni mali ya baba yao, na marehemu atabaki na dhima. Kadhalika zaka: asiyejua ana bidhaa kiasi gani ghalani, atatoa zaka kwa hesabu ipi?

Pili, kazi apewe anayeiweza. Binti wa mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu (28:26). Nabii Yusuf (a.s.) naye alipoomba kusimamia hazina za nchi alitaja kuwa yeye ni mtunzaji na mjuzi (12:55). Sisi tunampa mpwa funguo za ghala kwa kuwa tu ni mpwa. Undugu una haki zake, na msaada ni mmojawapo. Ghala ni jambo jingine. Ndugu akiajiriwa, awe na mshahara unaojulikana na akaguliwe kama wengine.

Tatu, tugawane mamlaka. Nabii Musa (a.s.), pamoja na utume wake, alimuomba Allah ampe msaidizi katika jamaa zake, ndugu yake Harun (20:29-32). Vipi mwenye mashine mbili aone aibu kusaidiwa? Msimamizi apangiwe kiwango cha fedha anachoweza kutumia bila kuuliza, na jioni aonyeshe risiti. Kisha wasimamizi wakae kila wiki, wafungue daftari na washauriane, kwani shura ni sifa ya waumini (42:38).

Haya hayahitaji mamilioni. Anza na daftari tatu: la mbegu zinazoingia, la mafuta na mashudu yanayotoka, na la madeni. Jipangie mshahara wako mwenyewe, na usiguse fedha nyingine ya kiwanda kwa matumizi ya nyumbani. Kwa ushauri wa mashine na uendeshaji, zipo ofisi za SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Mwenye kiwanda anayetaka kujipima, na ajiulize: nikienda Umra wiki mbili nikazima simu, vibarua watalipwa? Wakulima watapimiwa kwa haki? Kama jibu ni hapana, asikimbilie mashine ya tatu. Kwanza aitengeneze amana aliyo nayo, maana ataulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.