Hewa Ukaa Ikizikwa, Dhamana ni ya Nani?



Wenzetu wa Rubavu na Goma wanalijua neno mazuku: hewa nzito isiyoonekana, inayotulia mabondeni na kuua mtu au mnyama anayeingia humo. Kwa wingi wake ni hewa ukaa, yaani kaboni daioksidi, ileile ambayo mataifa yanataka kuinasa na kuizika ardhini ili isizidishe joto la dunia. Kuizika ni kazi ya wahandisi. Sisi tunaosoma fiqhi tuna swali letu: ikivuja baada ya miaka hamsini, nani ana dhamana, yaani wajibu wa kubeba hasara?

1. Amana iliyoko Ziwa Kivu

Jambo hili haliko mbali nasi. Kilindi cha Ziwa Kivu kimebeba takribani kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikiwa zimeyeyuka na kubanwa na uzito wa maji ya juu. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno kuliko Kivu, lilitoa hewa yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, wakafa watu wapatao 1,700. Kandokando ya Kivu, kwetu na Kongo, wanaishi watu takribani milioni mbili.

Mtambo wa KivuWatt wilayani Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, huvuta maji ya kilindini, hutenga methani ya kuzalishia umeme, kisha huyarudisha maji ziwani yakiwa bado na sehemu ya hewa ukaa. Yakirudishwa kwenye kina kisichofaa yanaweza kuvuruga matabaka yanayoishikilia gesi. Kwa hiyo kina hicho hakiachiwi mwekezaji ajichagulie. Yapo masharti ya uchimbaji, na ziwa hupimwa. Aidha, Sheria ya Mazingira Na. 48/2018 ya Rwanda imeweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa.

2. Mapato na dhamana

Wanazuoni wana kanuni iliyotokana na hadithi aliyoisimulia Bi Aisha (r.a.): anayestahiki mapato ya kitu ni yule ambaye kingeharibika, hasara ingekuwa yake. Mfano: mtu amenunua gari, akalikodisha, kisha akagundua kasoro ya tangu kabla ya kununua, akalirudisha. Kodi aliyopata ni yake, kwa kuwa siku zile gari lingeteketea, hasara ingemwangukia yeye.

Tuipime kanuni hii kwa Kenya. Huko Gilgil, Bonde la Ufa, kampuni ya Octavia Carbon ilianzisha mradi wa kunasa hewa ukaa kutoka angani ili ihifadhiwe katika miamba ya volkano, na kuuza hati za kaboni. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, imeipa jamii mgao wa mapato ya mwaka: asilimia 40 kwa miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, na asilimia 25 kwa isiyoitegemea. Hilo ni jema, lakini mgao ni upande mmoja wa kanuni. Upande wa pili ni dhamana, nayo inaendelea hata siku ambayo hakuna tena hati ya kuuza. Ni kweli kwamba ndani ya miamba hiyo hewa hugeuka jiwe polepole, na hatari hupungua. Kupungua si kwisha.

3. Kampuni ikifa

Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2009, umeruhusu dhamana ihamie kwa dola baada ya hifadhi kufungwa, kwa kawaida si kabla ya miaka 20, ikithibitika kwamba hewa imetulia. Kampuni hutoa fedha zinazotosha angalau ufuatiliaji wa miaka 30. Msomaji atauliza: je, hapo faida haijaliwa na mmoja, na hasara kuachiwa walipa kodi?

Hofu hiyo ina msingi, ila kampuni nayo hufa, na maiti hadaiwi mahakamani. Mlango wa mirathi unatupa njia: deni hutolewa katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Kwa kiasi hicho, fedha ya dhamana itengwe kabla wanahisa hawajagawana faida, kuanzia mwaka wa kwanza wa mradi, isisubiri mwaka wa kufunga.

Tukumbuke pia Sayyidna Umar (r.a.). Alipotakiwa awagawie wapiganaji ardhi ya Sawad ya Iraki, alikataa, akaiacha kwa wakulima wake ili kharaji yake iwafae na vizazi vijavyo. Aliwahesabu ambao hawajazaliwa kuwa wenye haki. Rwanda ikitunga sheria ya kuhifadhi hewa ukaa, nao wahesabiwe.

Maswali ya halaka

1. Dola ikipokea dhamana, je, imepokea pia sehemu ya faida?
2. Nani aisemee haki ya asiyezaliwa mbele ya kadhi au hakimu?
3. Hewa ikivuja Kivu na kuvuka mpaka, fidia idaiwe wapi?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.