Viini vya Kokwa za Aprikoti na Madai ya Kuponya Saratani

Msomaji wa safu hii, ambaye dada yake anasubiri upasuaji wa saratani ya matiti, ameuliza iwapo viini vya aprikoti, vinavyonadiwa kwa jina la "vitamini B17", vinaweza kuliwa badala ya tiba ya hospitali au angalau sambamba nayo. Jibu kwa yote mawili ni hapana, na aliyeuliza anastahili kuelezwa sababu zake kwa ukamilifu, kwa kuwa anachokitafuta ni uhai wa ndugu yake.

Ndani ya kokwa ngumu ya aprikoti, tunda lililo jamii moja na pichi, mna kiini kidogo chenye umbo la lozi na ladha chungu, ambacho kina amigidalini, kemikali iliyotengwa mara ya kwanza na wanakemia wa Ufaransa mwaka 1830 kutoka katika lozi chungu. Kiini kikitafunwa, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huanza kuivunja amigidalini, na bakteria wa utumbo huiendeleza kazi hiyo, hadi ipatikane sianidi, sumu inayozizuia seli kuitumia oksijeni hata pale damu inapokuwa nayo tele. Wakulima wa Afrika Mashariki wanaifahamu hatari hiyo kupitia muhogo mchungu, wenye kemikali ya kundi hilohilo, ambao kwa sababu hiyo humenywa, huvundikwa au kulowekwa kwa siku kadhaa, kisha huanikwa ukakauka kuwa makopa ndipo usagwe. Na huko Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985, ukame ulipowafanya watu wafupishe hatua hizo, wapo waliopatwa na konzo, maradhi yanayopoozesha miguu kwa ghafla na kwa kudumu. Inasikitisha mno kwamba sumu ileile ambayo akina mama hutaabika kuiondoa katika chakula huuzwa kwa wagonjwa kama dawa.

Jina la "vitamini B17" lilienezwa na Ernst Krebs Mdogo wa Marekani, mtetezi wa Laetrile, dawa yenye asili ya amigidalini, ingawa vitamini ni kirutubisho ambacho mwili ukikikosa huugua, na hakuna ugonjwa wowote unaoletwa na kukosa amigidalini. Dai kwamba sianidi yake huua seli za saratani peke yake lilipimwa kwa wagonjwa 178 katika utafiti ulioongozwa na Charles Moertel wa Mayo Clinic, ambamo walipewa amigidalini pamoja na mlo, vimeng'enya na vitamini kama watetezi wake walivyokuwa wakielekeza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionyesha kwamba hakuna aliyepona, kwamba ndani ya miezi michache saratani ilikuwa imeendelea kukua, na kwamba baadhi yao walikuwa na dalili za sumu ya sianidi. Shuhuda za waliokula viini wakapona zisikilizwe kwa heshima, lakini iulizwe pia kama mhusika hakuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji.

Kuhusu kuvila sambamba na tiba, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2016 kwamba mtu mzima anayekula zaidi ya viini vidogo 3 kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango salama, na mtoto mdogo hata kwa kimoja, ilhali wanaovitangaza huwashauri wagonjwa kula hadi 60 kwa siku. Vitamini C nyingi, ambayo mara nyingi hupendekezwa pamoja navyo, huizidisha sumu hiyo.

Kwa hiyo mgonjwa asiiahirishe tarehe ya upasuaji, na ikiwa amekwisha kuvila amweleze daktari bila kuona aibu, akitaja idadi na siku. Akipatwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kutapika, kuhema kwa haraka au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali papo hapo, na viini vilivyobaki vichukuliwe pamoja naye ili wahudumu wajue wanakabiliana na sumu gani.