Ligamenti za Goti: Zinavyokatika na Zinavyopona

Kiungo cha goti hukutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mifupa hiyo hushikizwa na ligamenti, yaani tepe imara za nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ligamenti si kano: kano huunganisha msuli na mfupa, ilhali ligamenti huunganisha mfupa na mfupa. Goti lina ligamenti kuu nne: mbili za pembeni, na mbili zilizopishana katikati ya kiungo mfano wa herufi X.

Tumfikirie kijana achezaye mpira katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Anakimbia, kisha anageuka ghafula. Unyayo umekita ardhini, mwili umezunguka. Ligamenti ya mbele katika zile zilizopishana hukatika, na goti huvimba baada ya saa chache kwa damu inayovuja ndani. Mchukuzi wa Kariakoo akiteleza na mzigo aweza kupatwa na ajali hiyo hiyo. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Kwa hiyo mfupa mzima si dalili ya goti zima.

Ligamenti ya pembeni upande wa ndani ikichanika, damu huganda katika pengo, na chembe hai husuka humo kolajeni mpya. Kwa kawaida hupona katika majuma kadhaa bila kupasuliwa. Ligamenti ya katikati, kinyume chake, imezungukwa na ute wa kiungo. Bonge la damu halidumu, na ncha zilizokatika hukosa daraja la kuziunganisha.

Mwaka 1895 daktari A. W. Mayo Robson wa Leeds, Uingereza, alizishona ligamenti zilizopishana za mchimba migodi. Baadaye ilidhihirika kwamba kushona ncha peke yake mara nyingi hakudumu. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol alitumia utepe wa tishu kutoka paja la mgonjwa mwenyewe. Siku hizi daktari huchukua kipande cha kano ya mgonjwa, hutoboa mifupa yote miwili, hukipitisha humo na kukikaza. Upasuaji wa goti kwa matundu madogo hufanyika pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, si mbali na Mnazi Mmoja.

Hapana budi kuzingatia kwamba pandikizi hilo halibaki kama lilivyowekwa. Kwanza chembe zake nyingi hufa. Kisha mishipa mipya ya damu huingia, na kolajeni hupangwa upya polepole. Katika miezi ya mwanzo pandikizi huwa dhaifu kuliko siku lilipowekwa, hali maumivu yamekwisha. Ndiyo maana mazoezi hufanywa kwa hatua, na wataalamu wengi hushauri mchezaji asirudi uwanjani kabla ya miezi 9. Kukoma kwa maumivu si kupona.

Maswali

1. Kwa nini ligamenti ya pembeni hupona kwa urahisi kuliko ya katikati?
2. Mchezaji asiyesikia maumivu ataka kucheza mwezi wa tatu baada ya kupasuliwa. Mweleze hatari iliyopo.